Profesa wa Furtwangen na Picha Zinazoungana

Mwezi Juni 1787, Robert Barker, mchoraji mzaliwa wa Ireland aliyekuwa akifanya kazi Edinburgh, alipewa hataza kwa wazo la ajabu: kuchora mandhari yote inayomzunguka mtu, nyuzi 360, kisha kumweka mtazamaji katikati yake. Alisimama juu ya kilima cha Calton, akauchora mji wa Edinburgh kipande kwa kipande huku akigeuka papo hapo, mpaka kipande cha mwisho kikakutana na cha kwanza. Mwaka 1793 alifungua jumba la duara katika eneo la Leicester Square, London. Watu walilipa kiingilio, wakapita ujia wenye giza, wakapanda ngazi, na walipotokea juu wakajikuta wamezungukwa na picha isiyo na mwanzo wala mwisho. Hataza ilidumu miaka 14. Ilipokwisha mwaka 1801, yeyote mwenye turubai na ujasiri aliweza kuchora panorama yake bila kumwomba Barker ruhusa.

Naanza na hataza hiyo kwa sababu historia nzima ya picha pana ina mambo mawili yanayokwenda sambamba: namna ya kuunganisha vipande, na nani anayeruhusiwa kuviunganisha. La kwanza ni la hesabu. La pili ni la sheria na fedha, na zaidi ya mara moja lilikaribia kuliua la kwanza.

Upigaji picha ulipokuja, kazi ya Barker ilizidi ugumu. Mchoraji anaweza kuupinda mstari kidogo ili ufike anakotaka, lakini kamera haibembelezeki. Mwaka 1875 Charles Bayliss alipanda juu ya mnara wa nyumba ya Bernhardt Holtermann, tajiri wa dhahabu, ng'ambo ya bandari ya Sydney, Australia, akapiga picha 23 zilizoizunguka bandari yote na mji wake. Zikipangwa pamoja zina urefu wa karibu mita 10. Mwaka 1876 zilionyeshwa Philadelphia, Marekani, zikapata medali. Miaka michache baadaye, mwaka 1878, Eadweard Muybridge aliuzunguka mji wa San Francisco kwa picha 13 kubwa zilizopigwa kutoka kilima cha California Street. Hizi ni kazi za watu waliobeba vioo vizito na kemikali hadi juu ya paa, na kila nikiziangalia huzidi kuwaheshimu. Hata hivyo vipande vyake vimelazwa bega kwa bega tu, na mpaka kati ya kimoja na kingine unaonekana.

Sababu si uzembe. Kamera huutandaza ulimwengu juu ya bapa. Simama mbele ya ukuta mrefu, elekeza kamera kushoto upige picha, kisha igeuze kulia upige nyingine. Katika ya kwanza, mstari wa juu wa ukuta utashuka kuelekea kushoto. Katika ya pili utashuka kuelekea kulia. Zilaze pamoja, na ukuta ulionyooka utakuwa na kiwiko katikati. Juu ya hapo, lenzi nyingi hupinda mistari iliyo karibu na kingo, tena huziacha pembe za picha zikiwa na giza kuliko katikati. Halafu kuna tatizo la tatu, la mpigapicha mwenyewe: akigeuka na kamera mkononi, lenzi haibaki mahali pamoja, bali husogea, na vitu vya karibu huhama mbele ya vitu vya mbali. Nyoosha kidole mbele ya uso, fumba jicho moja kisha jingine, utakiona kidole kikiruka ukutani. Hilo la tatu hesabu hailitibu vizuri. Mpigapicha ndiye anayelizuia, kwa kuizungusha kamera juu ya nukta maalumu ndani ya lenzi, pale miale inapokutana ikiingia.

Wengine walilikwepa tatizo lote kwa mashine. Kamera ya Cirkut, iliyopata hataza Marekani mwaka 1904, ilijizungusha yenyewe juu ya stendi huku filamu ikipita nyuma ya tundu jembamba. Ndiyo iliyopiga picha ndefu za wanafunzi na vikosi vya askari zilizotundikwa kwenye kuta za Marekani kwa miongo mingi. Ilikuwa mashine nzuri na ya gharama, na mtu wa kawaida hakuwa nayo.

Kisha ikaja kompyuta. Mwaka 1995 Apple ilitoa QuickTime VR, teknolojia iliyomwezesha mtu kuizungusha panorama kwenye skrini kwa kipanya, atazame kushoto, kulia, na mbele tena. Mahoteli, makumbusho na mawakala wa nyumba waliona faida yake mara moja. Zana za kutengenezea picha hizo ziliuzwa, na aliyekuwa na kamera bila fedha alibaki mtazamaji.

Furtwangen ni mji mdogo katika milima ya Schwarzwald, kusini magharibi mwa Ujerumani. Sifa yake ni saa. Makumbusho ya saa ya Ujerumani yako hapo, na chuo cha mji huo kinahesabu asili yake tangu shule ya mafundi saa iliyofunguliwa mwaka 1850, mkuu wake wa kwanza akiwa mhandisi Robert Gerwig. Katika chuo hicho alifundisha Helmut Dersch, profesa wa fizikia na hesabu. Mwaka 1998 Dersch aliweka hadharani mkusanyo wa programu alizoziandika mwenyewe, akauita Panorama Tools. Zilifanya kazi peke yake au zikiwa zimechomekwa ndani ya Photoshop, au ndani ya GIMP ambayo ni programu huria ya kuhariri picha. Hakudai malipo yoyote.

Ili kuelewa kwa nini kazi hiyo ilikuwa kubwa, lazima tuone alivyoliuliza swali. Wengi waliokuwa wakiunganisha picha walijiuliza: nisogeze picha hii kiasi gani ili ikae juu ya ile? Dersch aliuliza: wakati picha hii inapigwa, kamera ilikuwa imeelekea wapi? Aliiweka kamera katikati ya tufe. Kila picha ni kipande kilichobandikwa ndani ya tufe hilo, na mahali pake hujulikana kwa pembe tatu: kamera iligeuka kiasi gani kushoto au kulia, iliinuka au kuinama kiasi gani, na ililala upande kiasi gani. Ongeza upana wa lenzi. Ongeza namba tatu, alizoziita a, b na c, zinazoeleza jinsi lenzi inavyopinda mistari kutoka katikati kwenda kingoni. Ukishazijua namba hizo, kiwiko cha ukuta kinanyooka chenyewe, kwa sababu kila kipande kimerudi mahali pake halisi kwenye tufe.

Namba hizo zilipatikana kwa uvumilivu. Mtumiaji alifungua picha mbili zinazopishana, akachagua kitu kinachoonekana katika zote mbili, kona ya dirisha au ncha ya mnara, akaweka nukta kila upande. Akafanya hivyo tena na tena. Programu ikaanza na makisio ya pembe, ikapima nukta zilizopaswa kukutana zimekosana kwa umbali gani, ikarekebisha pembe kidogo, ikapima tena, hadi jumla ya makosa ikawa ndogo iwezekanavyo.

Njia hiyo ya kurekebisha ina historia yake, nami naiona ni sehemu muhimu ya simulizi hili. Mwaka 1944 Kenneth Levenberg, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha silaha cha jeshi la Marekani kiitwacho Frankford Arsenal, alichapisha njia ya kupunguza makosa ya namna hiyo. Mwaka 1963 Donald Marquardt wa kampuni ya DuPont akaifikia kwa njia yake na kuieneza. Mwaka 1980 maabara ya taifa ya Argonne, karibu na Chicago, iliitia katika mkusanyo wa programu za hesabu uitwao MINPACK, ikaugawa kwa yeyote. Msimbo huo wa Argonne ndio uliofanya kazi ndani ya Panorama Tools. Dersch alipokea zawadi kutoka kwa watu wasiomjua, akaongeza ya kwake, akaisogeza mbele.

Kuitumia hakukuwa rahisi. Maagizo yaliandikwa katika faili la maandishi matupu: mstari mmoja kwa kila picha, mwingine kwa kila jozi ya nukta, mwingine wa kueleza umbo la panorama inayotakiwa. Ukikosea herufi, kazi inakwama. Lakini injini ilikuwa bora kiasi kwamba watu walianza kuijengea usukani. Uholanzi, Joost Nieuwenhuijse akatengeneza PTGui, ambayo baadaye ilipata injini yake yenyewe na kuwa bidhaa inayouzwa hadi leo. Marekani, mpigapicha Max Lyons akatengeneza PTAssembler. Mwaka 2003 Lyons aliunganisha picha 196 za korongo la Bryce huko Utah, zilizopigwa kwa kamera ya pikseli milioni 6, akapata picha moja yenye pikseli zaidi ya bilioni 1. Ilikuwa miongoni mwa picha za kwanza za ukubwa huo kutengenezwa na mpigapicha mmoja kwa kamera ya dukani, na injini yake ilikuwa ya yule profesa wa Schwarzwald.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwa sababu kufikia mwaka 2003 Dersch mwenyewe alikuwa ameshanyamaza.

Kampuni ya Marekani iliyoanzia Tennessee, Interactive Pictures, ambayo baadaye iliitwa Internet Pictures na kujulikana zaidi kama iPIX, ilikuwa na biashara ya picha za tufe zima. Mpigapicha alitumia lenzi ya jicho la samaki, ile inayoona karibu nusu ya dunia kwa mara moja, akapiga picha mbili, mbele na nyuma, na programu ya kampuni ikaziunganisha. Mpigapicha hakununua programu akamaliza: alilipia kila picha aliyoitengeneza. Kampuni ilikuwa na hataza juu ya kubadilisha picha za lenzi hizo ili zitazamwe kwenye skrini, na ilizilinda mahakamani bila huruma.

Panorama Tools ilifanya kazi ileile bila malipo. Dersch alikuwa ameandika pia PTViewer, programu ndogo ya Java iliyoonyesha panorama ndani ya kivinjari chochote, nayo ikaondoa haja ya kitazamio cha kampuni. Vitisho vya kisheria vikamfuata. Alijaribu kuishi navyo: aliweka kikomo ndani ya msimbo ili programu isikubali picha ya jicho la samaki yenye upana unaozidi nyuzi 160. Hesabu ilikuwa na uwezo, lakini ilifungwa mikono. Haikutosha. Mwaka 2001 Dersch aliacha kuiendeleza Panorama Tools.

Siwezi kuliandika hili kwa utulivu kamili. Mwalimu katika chuo cha mji mdogo, asiyepata senti kwa programu zake, alisimama mbele ya kampuni yenye mawakili na wawekezaji, na hakuwa na namna ya kushinda hata kama haki ingekuwa yake yote, kwa sababu gharama ya kuithibitisha haki hiyo ilizidi mshahara wake. Sheria ya hataza ilitungwa imlinde mgunduzi. Hapa ilimfukuza.

Kampuni nayo haikudumu. Julai 2006 iPIX iliomba kufilisiwa.

Kilichookoa kazi ya Dersch ni uamuzi alioufanya kabla ya matatizo. Maktaba ya programu iliyobeba hesabu yote, iitwayo libpano, aliitoa pamoja na msimbo wake kwa leseni ya GPL, ile ya Richard Stallman na harakati za programu huria. Leseni hiyo humpa kila mtu haki ya kuusoma msimbo, kuubadilisha na kuugawa, kwa sharti kwamba naye atakachokigawa akiache wazi vilevile. Haki hiyo haifutiki kwa mwandishi kuondoka. Watu wachache waliuchukua msimbo, wakauhamishia kwenye SourceForge, tovuti ya miradi ya programu huria, wakaendelea kuutunza.

Si kila kitu kilipona. PTStitcher, programu iliyofanya kazi ya mwisho ya kupinda picha na kuzibandika pamoja, Dersch aliitoa bure lakini bila msimbo. Tofauti hiyo ilionekana ndogo alipokuwepo. Alipoondoka, PTStitcher iliganda: hitilafu zake hazikuweza kurekebishwa, wala haikuweza kuhamishiwa kwenye kompyuta mpya. Ilibidi watu wawili waiandike upya, kila mmoja kwa upande wake. Daniel German, mwalimu wa chuo kikuu cha Victoria, Canada, aliandika PTmender. Pablo d'Angelo, Mjerumani, aliandika nona. Programu mbili za mtu yuleyule, zote za bure: moja iliendelea kuishi kwa sababu msimbo wake ulikuwa wazi, nyingine ikafa kwa sababu haukuwa wazi. Sijaona mfano unaoeleza programu huria vizuri kuliko huo.

D'Angelo ndiye aliyeanzisha Hugin, mwaka 2003. Hugin ilikuwa usukani wa Panorama Tools, lakini huria kama injini yenyewe, na ilifanya kazi kwenye Linux, Windows na Mac. Badala ya kuandika mistari ya maagizo, mtu aliona picha zake mbili kando kwa kando na kuweka nukta kwa kipanya. D'Angelo alikwenda kufanya kazi katika shirika la anga la Ujerumani, DLR, akishughulikia picha za setilaiti, na wengine wakashika zamu, akiwamo Bruno Postle wa Uingereza. Mwaka 2007 Google iliuingiza mradi huu katika mpango wake wa kuwalipa wanafunzi waandike programu huria wakati wa likizo, na sehemu kadhaa za Hugin ya leo zilianza kama kazi za likizo hizo.

Kuweka nukta kwa mkono, hata hivyo, kulichosha. Picha 30 zinaweza kuhitaji mamia ya nukta. Dawa ilikuwa imeshapatikana upande mwingine wa dunia, nayo ilikuja na hataza yake.

Mwaka 1999 David Lowe, wa chuo kikuu cha British Columbia, Vancouver, alieleza njia aliyoiita SIFT. Kompyuta hutafuta ndani ya picha sehemu zenye sura ya pekee, kama doa au kona, na kwa kila sehemu huandika orodha ya namba 128 zinazoeleza jinsi mwanga unavyobadilika kuizunguka. Orodha hiyo hubaki karibu ileile hata picha ikizungushwa, ikikuzwa au ikififia. Hivyo kona ya dirisha katika picha moja inatambulika katika nyingine bila mtu kuionyesha. Mwaka 2003 Lowe na mwanafunzi wake Matthew Brown walionyesha kwamba unaweza kuimwagia kompyuta rundo la picha zilizochanganyika, nayo ikajua zipi ni za panorama moja na zipi hazihusiani, kisha ikaziunganisha. Programu yao iliitwa AutoStitch.

Mwaka uliofuata, 2004, Sebastian Nowozin, Mjerumani, aliandika autopano-sift, programu huria iliyotumia njia hiyo kuwatafutia watumiaji wa Hugin nukta zao. Kazi ya saa nzima ikawa ya dakika chache. Lakini tarehe 23 Machi ya mwaka huohuo Marekani ilikipa chuo kikuu cha British Columbia hataza ya SIFT. Msimbo wa Nowozin ulikuwa wazi kwa kila mtu kuusoma, na bado mtumiaji aliyekuwa Marekani hakuwa na hakika kama anaruhusiwa kuuendesha. Baadhi ya wasambazaji wa Linux walikataa kuuweka katika mkusanyo wao. Kwa miaka kadhaa Hugin ilisafiri bila kiungo chake muhimu, na mtumiaji alielekezwa akitafute kwingine, kwa hiari yake mwenyewe.

Wanamradi hawakukaa kungoja. Walichukua Pan-o-matic ya Anael Orlinski, iliyotumia njia nyingine iitwayo SURF ambayo nayo ilikuwa na hataza, wakatoa ndani yake sehemu zilizofungwa na kuweka za kwao. Matokeo yake yaliitwa cpfind, na yaliingia katika Hugin toleo la 2010.4. Tangu hapo Hugin imejitosheleza. Hataza ya SIFT ilikwisha Machi 2020, na miezi michache baadaye OpenCV, maktaba kuu ya programu huria za kuona kwa kompyuta, iliihamishia SIFT mahali inapoweza kutumiwa na wote. Miaka 21 ilipita tangu Lowe aieleze njia yake hadi siku ilipokuwa ya kila mtu. Barker alipewa 14.

Nieleze kidogo habari ya mshono, maana ndipo uzuri wa kazi hii ulipofichika. Picha zikishapindwa na kukaa mahali pake, bado kuna mpaka: anga la picha moja lina bluu iliyokolea kuliko la jirani yake. Ukichanganya kingo polepole kwa upana mkubwa, tofauti ya anga itapotea, lakini matawi ya mti yataonekana mara mbili kama mizimu. Ukichanganya kwa upana mdogo, matawi yatakuwa safi ila anga litaonyesha ufa. Mwaka 1983 Peter Burt na Edward Adelson, wa maabara ya RCA huko Princeton, Marekani, walitoa jibu: igawe kila picha katika tabaka, tabaka moja likibeba mabadiliko mapana ya mwanga, jingine likibeba vitu vidogo vidogo, kisha changanya kila tabaka kwa upana unaolifaa. Anga huchanganywa kwa upana, majani kwa ufinyu, halafu tabaka hurudishwa pamoja. Mwaka 2004 Andrew Mihal aliigeuza njia hiyo kuwa programu huria iitwayo Enblend, na Hugin ikaikabidhi kazi yote ya mshono. D'Angelo naye akaongeza hesabu ya kukadiria giza la pembe za lenzi na tofauti ya mwanga kati ya picha na picha, ili zisawazishwe kabla hata ya kufika kwenye Enblend. Ukiona panorama ambayo hujui picha moja imeishia wapi, uwezekano ni mkubwa kwamba wazo la Burt na Adelson limepita hapo.

Halafu kuna swali la namna ya kulitandaza tufe juu ya karatasi, ambalo ni la kale kuliko kamera. Wanaastronomia wa ulimwengu wa Kiislamu walilitandaza anga juu ya bamba la shaba la usturlabu, chombo chao cha kupimia nyota, kwa projeksheni, yaani kanuni ya kutandaza, ambayo leo, ndani ya Hugin, huigeuza mandhari kuwa sayari ndogo ya duara yenye nyumba zilizosimama pembeni mwake. Gerardus Mercator alichora ramani yake ya mabaharia mwaka 1569, na projeksheni yake nayo imo. Mpya iliyonivutia zaidi ni ya mwaka 2010, iliyoelezwa na Thomas Sharpless pamoja na Bruno Postle na Daniel German. Walichunguza michoro ya Giovanni Paolo Panini, mchoraji wa Roma wa karne ya 18, aliyeonyesha ndani ya makanisa makubwa kwa upana ambao lenzi ya kawaida ingeunyoosha hadi nguzo za pembeni zikanenepa ovyo. Katika michoro yake nguzo zimesimama wima na hazijanenepa. Wakaiandikia hesabu tabia hiyo, wakaipa jina lake. Mtu anayetaka kupiga picha ndani ya msikiti, kanisa au sebule nyembamba apate kila kitu bila kukipotosha, hii ndiyo ya kuijaribu kwanza.

Namba a, b na c za Dersch nazo zimetembea mbali. Lensfun, maktaba huria ya kurekebisha kasoro za lenzi, inazitumia kuzieleza lenzi za kila aina, na kwa njia hiyo zimo ndani ya darktable, programu huria ya kusafishia picha. Mpigapicha anabofya kitufe cha kunyoosha mistari bila kujua kwamba anaita kanuni iliyoandikwa Furtwangen.

Zana zisizo huria zimekuwa na safari tofauti. Kampuni ya Kolor ya Ufaransa ilitengeneza Autopano, iliyopendwa na wataalamu wengi wa panorama. Mwaka 2015 GoPro ikainunua Kolor, na mwaka 2018 ikaifunga. Waliokuwa wamelipia wakabaki na programu isiyo na mtunzaji. Microsoft nayo iligawa Image Composite Editor bure kwa miaka mingi, na ilikuwa nyepesi na nzuri, mpaka ilipoacha kuitunza na kuiondoa mahali pa kupakua. Hakuna aliyeweza kuendelea nazo, kwa sababu msimbo ulibaki kwa wenyewe. Hugin haina ofisi wala mwenye hisa, ilizaliwa kabla ya programu hizo mbili kuondoka, na bado inatoa matoleo mapya.

Simu za leo huunganisha panorama zenyewe ukizizungusha taratibu, na kwa salamu za safari zinatosha. Lakini anayetaka kuhifadhi uso wa mtaa wa zamani kabla haujabomolewa, au ukuta mzima wa mbao zilizochongwa, au bonde lote kwa undani wa kuhesabu miti, anahitaji picha nyingi zilizopigwa kwa uangalifu na programu inayomwachia maamuzi. Utaratibu wenyewe si mrefu. Funga mwanga na fokasi ya kamera zisijibadilishe kati ya picha na picha. Acha kila picha ipishane na jirani yake kwa karibu theluthi moja. Zunguka juu ya lenzi, si juu ya visigino vyako, hasa kama kuna vitu vya karibu. Ingiza picha Hugin, iache itafute nukta, kisha tazama nukta zenye makosa makubwa na uzifute, hasa zilizokaa juu ya mawingu, mawimbi na watu wanaotembea, kwa sababu hivyo havikusubiri upige picha ya pili. Kompyuta ya kawaida yenye kumbukumbu ya kutosha itaimaliza kazi hiyo.

Menyu za Hugin zimetafsiriwa katika lugha nyingi na watu wa kujitolea, kila mmoja akichukua faili la maneno na kulifanyia kazi jioni zake. Kiswahili kinastahili kuwa na tafsiri kamili na nzuri humo. Wewe unayejua kamera na unayejua lugha, faili liko wazi, na leseni ya Dersch inakuruhusu.